Ukurasa wa Waliokuja

Papa Barthélemy alikuwa karani wa mji wa Busaro kwa miaka ishirini na tisa. Kazi yake ilikuwa kujua nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehamia na nani amehama, na kuyaandika hayo yote katika rejista kubwa zenye majalada ya kijani, ambazo panya walizipenda kuliko muhogo. Mshahara ulikuja kwa kubahatisha, kama mgeni asiye na simu. Lakini watu walimheshimu. Mtu akitaka cheti cha mtoto, au ndugu wakigombana juu ya mwaka aliokufa baba yao, walimwendea, naye alilamba kidole, akafungua ukurasa, akawaambia. Hakuwahi kumwandikia mtu uongo, hata wa kumsaidia.

Mwezi wa pili ikaja barua kutoka teritwari, yaani ofisi ya wilaya. Kila mji utengeneze kitabu kidogo: historia yake, na hali ya wakaaji wake. Nani walianzisha mji, kwa nini hapo, watu wangapi sasa, wanaume wangapi, wanawake wangapi, wanaishi kwa kazi gani, wanasali wapi. Mkuu wa mji, Edmond, ambaye watu walimwita Shefu, aliisoma barua mara mbili kisha akaita kamati. Kamati ilikuwa yeye mwenyewe, wazee wawili wa ukoo wake, Barthélemy mwenye kalamu, na Katembo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, Mkatoliki wa kiti cha mbele, mwenye duka la chumvi, sabuni na mabati, na malori mawili yaliyozeeka kwa matope ya barabara ya Walikale.

Edmond alisema amesikia, ingawa barua haikutaja, kwamba mji ukipita watu elfu kumi unaweza kuitwa komini, yaani manispaa. Komini hupata daktari. Komini hupata ofisi ya tofali. Akamgeukia Barthélemy aliyekuwa kwenye benchi, maana viti vilikuwa vinne, akamuuliza wako wangapi. Barthélemy akajibu kwamba kule juu, mtaa wa misheni na mtaa wa sokoni, wako elfu sita na mia nne hivi. Chini ukingoni mwa mto Lowa, walikojenga watu waliokimbia vita vya Masisi, wako kama elfu nne na mia moja. Edmond akajumlisha kwa vidole, akatabasamu. Tunapita, akasema.

Kisha likaja jambo la pili. Ukingo wa mto ulikuwa umeanza kuwa mali. Mitumbwi ya biashara iliongezeka, na watu wenye uwezo walitaka soko jipya palepale maji yalipo, na maghala, na gati. Lakini ukingo ulikuwa umejaa nyumba. Ndipo Edmond akatoa fikra yake, na ilionekana ameipika siku nyingi. Orodha iwe na kurasa za namna mbili. Za kwanza ziitwe Wenye Mji. Za pili ziitwe Waliokuja. Jumla chini iwe moja.

"Batahesabiwa bote," alisema. "Lakini kuhesabiwa haifanye muntu kuwa wa hapa. Muntu wa ukurasa wa pili hana parsele, kiwanja si yake. Ni mugeni tu, na mugeni tunaweza kumwonyesha fasi ingine."

Wazee wakakubali. Katembo alikuwa anatazama viatu vyake. Yeye alifika Busaro mwaka wa tisini na nane na mzigo wa chumvi kichwani, na kila mtu alilijua hilo, lakini Edmond alisema bila kuulizwa kwamba Papa Katembo ataingia ukurasa wa kwanza, maana amejenga paa la kanisa. Halafu akamwangalia Barthélemy kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake kiti.

"Na Mama Kétsia vilevile, utamutia ku ukurasa wa kwanza. Tunajua ni muke wako. Hatuwezi kukufanyizia vile."

Barthélemy alishukuru. Baadaye, akishuka kilima na barua mkononi, ndipo alipoanza kujiuliza ameshukuru kitu gani.

Yeye mwenyewe aliishi ukingoni. Alikuwa Mnyanga, mwenyeji wa Busaro, na kule juu alikuwa na nyumba ya baba yake, lakini mke wake wa kwanza alipofariki aliiacha nyumba hiyo kwa binti yake Valérie na mumewe. Alipomwoa Epiphanie mwaka wa elfu mbili na kumi, Epiphanie alikuwa tayari na nyumba yake ya mbao karibu na maji, aliyoijenga kwa mikono yake, na hakutaka kuiacha. Watu wa juu walimcheka mwanamume aliyefuata nyumba ya mwanamke. Kicheko kilichoka, kikaisha, na wao wakabaki pale na mtoto wao mmoja, Kétsia, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na tatu.

*

Epiphanie alitoka Burungu, kwenye vilima vya Masisi, mahali pa maharage na ng'ombe. Alikimbia mwaka wa elfu mbili na saba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa, na alipokuwa anakasirika alizidi kuwa mpole. Siku ile alikuwa anamenya muhogo mlangoni pamoja na jirani yao Emérita, mjane kutoka Karuba, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaushwa. Barthélemy alingoja Emérita aende zake, kisha akamweleza mkewe habari za kamati. Alimweleza kama habari njema. Alisema asiwe na hofu, yeye na mtoto na nyumba yao watakuwa salama, Shefu mwenyewe amesema.

Epiphanie aliendelea kumenya. Akauliza Emérita atakuwa ukurasa gani.

Barthélemy akasema ukurasa wa pili.

Akauliza watoto wanne wa Emérita, ambao wote walizaliwa Busaro, na ambao yeye Barthélemy aliwaandika mmoja mmoja kwa mkono wake, watakuwa ukurasa gani.

Akasema Shefu anasema mtoto hufuata mzazi.

"Basi minaelewa," alisema Epiphanie. "Ni kusema mimi na Emérita tulitoka siku moja, tulipita njia moja, tulilala mu kalasi moja ya masomo. Sasa mimi niko wa hapa sababu nililala na karani, na yeye si wa hapa sababu hakulala na karani."

Barthélemy alisema hilo si neno la kusema mbele ya mume. Epiphanie akakubali kwamba si neno zuri, akaomba msamaha, akabeba muhogo ndani. Siku tatu hakulirudia jambo hilo, na Barthélemy akadhani limekwisha.

Zile siku tatu alizitumia kutafuta historia. Aliwatembelea wakongwe na daftari. Alijua mengi tayari: kwamba Busaro ilianza kama mahali pa kuvukia, mitumbwi miwili na kibanda, kwamba wakati wa Wabelgiji barabara ilipokatwa msituni waliletwa wanaume kutoka kila upande kwa nguvu, na barabara ilipopita wengine hawakurudi kwao, kwamba misheni ilikuja, halafu wachimbaji wa madini, halafu vita, na kila jambo lilipopita liliacha watu, kama mto unavyoacha mchanga. Mzee Élie, mwenye miaka tisini au zaidi, baba mdogo wa Edmond, ndiye aliyempa kisa cha mwanzo kabisa. Babu yao wa kwanza alitoka msituni upande wa jua kuchwa, akiwa na mbwa wawili, akifuata nguruwe. Alifika ukingoni akaona ni pazuri. Na hapo alipoamua kukaa, alisema Mzee Élie, alikuta moto unawaka bado.

Barthélemy aliuliza moto wa nani.

Mzee Élie akasema hilo hawakuambiwa.

Barthélemy aliandika kama alivyosikia. Kisha akaenda nyumbani na kukuta Kétsia hajala.

Siku hiyo shuleni mwalimu aliagizwa kusaidia hesabu. Alisema watoto wa mji wanyooshe mkono, akahesabu. Akasema watoto wa deplase, yaani wa wale waliohamishwa na vita, wanyooshe mkono, akahesabu. Kétsia alinyoosha mara ya kwanza, na mara ya pili akanyoosha tena, kwa sababu Emérita ana binti darasani humo na walikuwa wameketi pamoja. Darasa likacheka. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwambia achague, maana hesabu haitoki ikiwa mtu mmoja ni watu wawili. Kétsia akashindwa. Mwalimu akamwambia atoke nje afikiri.

"Alifikiri mpaka saa sita," alisema Epiphanie kwa sauti ya upole kabisa. "Mutoto wako alisimama nje ya kalasi kwa kufikiri tu yeye ni wa wapi."

Barthélemy alisema atazungumza na mwalimu. Epiphanie alisema hakuna haja. Akafunga kitenge, akaenda kwa Emérita, na kutoka kwa Emérita akaenda nyumba ya tatu, na ya nne. Jioni yote wanawake wa ukingoni walionekana wakipita nyumba hadi nyumba kana kwamba kuna msiba, lakini hakuna aliyekuwa analia.

*

Hesabu ilianza siku ya jumatatu. Barthélemy alikuwa na wasaidizi wawili, walimu, na mmoja wao alikuwa Thierry, kijana wa mtaa wa misheni aliyejua kuandika haraka. Kila nyumba iliyohesabiwa ilitiwa alama ya chaki mlangoni. Mitaa ya juu waliimaliza alhamisi, kabla ya saa nne. Watu walitoka nje wamevaa vizuri, wengine waliita jamaa kutoka mashambani ili nyumba ionekane imejaa, na bibi mmoja alitaka marehemu mumewe aandikwe kwa kuwa bado anamwota. Barthélemy alimkatalia kwa adabu.

Kisha wakashuka ukingoni.

Hakukuwa na mtu. Milango mia sita na zaidi ilikuwa imefungwa. Mioto ilikuwa imezimwa, kuku walikuwa wanazunguka wenyewe, na upande wa pili wa mto mitumbwi ilikuwa imevutwa nchi kavu. Moshi ulipanda kutoka mashamba ya ng'ambo. Wanawake walivuka alfajiri na watoto, na wagonjwa, na vyungu. Wanaume waliokuwepo walikwenda nao au walikwenda kuchimba. Thierry aligonga nyumba ya kwanza, ya pili, ya tano. Akauliza wafanye nini, waandike majina wanayoyajua? Barthélemy aliyajua majina yote. Angeweza kuketi juu ya jiwe na kuwaandika wote elfu nne na mia moja bila kukosea hata umri wa mtoto mchanga. Alisema hapana. Hesabu ni ya mtu aliyejibu.

Walikwenda mlango kwa mlango hadi wakafika nyumba ya mbao karibu na maji. Mlango ulikuwa na kufuli. Ufunguo wa pili aliuacha ndani alipotoka kungali giza. Barthélemy alisimama mbele ya nyumba yake, na walimu wawili walisimama nyuma yake, wakitazama pembeni.

"Papa," alisema Thierry, "na hii tuandike nini?"

"Andika kama zile zingine," alisema Barthélemy. "Andika: hakuna muntu."

Akaona aibu na kiburi kwa wakati mmoja, na hakujua kipi kilikuwa cha mke wake na kipi kilikuwa chake. Akaketi kwenye kizingiti, akamaliza kupanga karatasi pale, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuketi.

Jioni wanawake walirudi kimya kimya. Epiphanie alimpikia sombe ya majani ya muhogo na samaki kama kawaida. Alimuuliza hesabu imekwenda vipi. Alimwambia elfu sita, mia nne na kumi na mbili. Epiphanie akasema ni hesabu nzuri kwa mji mdogo.

*

Edmond alikasirika, halafu akajaribu njia nyingine. Alisema wawaache wafu wa miaka kumi iliyopita kwenye orodha, nani atajua. Barthélemy akamwambia hata wafu wa miaka ishirini na tisa yote hawafikishi elfu nane. Edmond akamtazama vibaya, akasema inashangaza karani kushindwa kuongoza nyumba yake. Wazee wakacheka. Barthélemy alikunywa maji aliyopewa, akaweka kikombe chini.

Alhamisi iliyofuata hesabu ilirudiwa, na milango ilifungwa tena. Safari hii wanawake walikaa ng'ambo siku tatu. Ndipo mji wa juu ulipojifunza unaishi kwa mikono ya nani. Muhogo haukuja sokoni. Samaki hawakuja. Hakukuwa na mtu wa kushusha mizigo kutoka kwenye lori la Katembo, na chumvi ikanyeshewa. Katembo alisimama mlangoni mwa duka lake siku nzima akiwasalimu wapita njia wachache. Jumapili alikuja mwenyewe kwa miguu hadi ukingoni, akamkuta Barthélemy anajikaangia ndizi, akamwomba avuke akawaambie akina mama waje wazungumze.

Walikutana jumatatu chini ya paa la shule. Edmond alileta wazee wake, akiwemo Mzee Élie aliyebebwa kwa kiti. Ukingoni walikuja Epiphanie na Emérita, na nyuma yao wanawake wengi waliosimama kwenye jua. Epiphanie alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Aliwasalimu wazee mmoja mmoja, akapiga goti kidogo kwa Mzee Élie.

Edmond alisema mengi juu ya daktari na komini na heshima ya mji. Alipomaliza, Epiphanie akasema yeye hana maneno mengi.

"Shefu, munatutaka juu ya kufika elfu kumi. Sawa. Lakini muntu hawezi kuwa muntu ku jumla, halafu asikuwe muntu ku ukurasa. Kama tuko ba hapa, mutuandike na benu. Kama hatuko ba hapa, musituhesabu. Daktari atakuya juu yenu benyewe, kama muko bengi."

Edmond akajibu kwamba hakuna anayewatukana. Lakini kuja ni kuja. "Ninyi mulikuya," alisema. "Sisi hatukukuya. Sisi tulikuwa hapa."

Hapo Barthélemy aliinuka kutoka kwenye benchi. Hakuwa amepanga kusema. Aliomba ruhusa kusoma ukurasa mmoja wa historia, kwa kuwa kitabu ni cha kamati na kamati haijausikia. Akasoma habari za babu na mbwa wawili na nguruwe, polepole, kwa sauti yake ya kusomea vyeti, mpaka pale babu alipokuta moto unawaka bado. Watu wote wakamgeukia Mzee Élie.

"Ni vile," alisema mzee. "Moto ulikuwa unawaka."

Edmond akasema hicho ni kisa cha watoto. Mzee Élie akasema kwamba ni kisa cha baba yake, na baba yake hakuwa mtoto. Katembo akasimama, akavua kofia.

"Shefu, mimi ulinitia mu ukurasa wa kwanza na sikukataa. Ilikuwa aibu. Mimi pia nilikuya. Kama ukurasa wa pili utabakia, jina yangu itolewe kule iende pamoja na bale bengine."

Isingekuwa vyema kusema kwamba moyo wa Edmond ulilainika siku ile. Edmond alipiga hesabu. Bila ukingo hakuna elfu kumi, na bila Katembo hakuna mabati ya ofisi. Walibishana hadi jua likapinda. Mwishowe wakakubaliana: orodha moja tu, inayofuata barabara na nyumba, bila kuandika mtu ametoka wapi. Waliojenga ukingoni wabaki na viwanja vyao. Lakini Edmond hakutaka kuondoka mikono mitupu, na soko alilihitaji. Kwa hiyo mita ishirini kutoka kwenye maji zitolewe kwa mji, na nyumba zilizomo zihamie juu ya kilima, kila mmoja apewe kiwanja chenye karatasi. Zilikuwa nyumba thelathini na nane.

Barthélemy alijua bila kupima kwamba ya kwao ilikuwa mojawapo. Alimtazama mkewe. Epiphanie alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, hata Emérita akamgusa mkono. Kisha akasema sawa. Alitia sahihi kwa herufi kubwa, moja moja, jinsi Kétsia alivyomfundisha.

Hesabu ilirudiwa kwa mara ya tatu na milango yote ikawa wazi. Busaro ilikuwa na watu elfu kumi, mia tano na sitini na watatu.

*

Walipewa mwezi mmoja wa kuhama. Jumamosi ya mwisho majirani na jamaa walikuja kusaidia kubomoa, Valérie na mumewe pia, ambao hawakuwa wamekanyaga ukingoni tangu ubatizo wa Kétsia. Ilipofika saa nane walibeba mbao kupanda kilima, na mume na mke wakabaki wawili. Epiphanie alikuwa juu ya stuli anang'oa misumari ya mabati. Barthélemy alikuwa ameketi juu ya sanduku, kitabu magotini, anamalizia jedwali la mwisho, waliozaliwa na waliokufa mwaka hadi mwaka, kwa sababu kitabu kilikuwa kinasafiri jumatatu na lori la Katembo.

Alifika mwaka wa elfu mbili na saba. Akafungua rejista ya kijani ya mwaka huo kuhakikisha, na macho yake yakaangukia mwandiko wake mwenyewe wa zamani. Watu wa Masisi walipofika aliwaandika darasani walimolala, juma la tatu tangu wafike. Epiphanie, miaka ishirini na minne, kutoka Burungu, peke yake. Akamsomea mkewe akicheka kidogo, akasema kumbe siku hiyo hakumtazama hata usoni.

Epiphanie aliacha kung'oa.

"Sikukuya peke yangu," alisema.

Barthélemy alisema anajua. Alijua habari za Nicole, binti yake Epiphanie mwenye miaka miwili. Epiphanie alimweleza kabla hawajaoana kwamba alikufa njiani, wala hakulitaja jina hilo tena, naye Barthélemy hakumsumbua.

"Hakufa mu njia. Nilikuambia vile juu ilikuwa rahisi kusema. Alifika. Alikufia hapa, mu ile kalasi, siku ya kumi na moja. Wewe ulikuya kuandika kiisha juma moja. Ulikuwa unaandika benye kuishi."

Barthélemy aliuliza walimzika wapi. Epiphanie alielekeza kwa nyundo, bila kushuka, kwenye kipande cha ardhi nyuma ya jiko, hatua nane kutoka walipokuwa, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo alikataa kitu kipandwe na Barthélemy alidhani ni kwa ajili ya kuanikia nguo. Alisema misheni haikuwa na nafasi kwa watu wa kalasi, mvua ilikuwa nyingi, na udongo wa mtoni ulikuwa laini kwa jembe la kuazima.

Ndipo Barthélemy alipoelewa kwa nini hakutaka kamwe kuhamia nyumba ya juu, na kwa nini siku ile shuleni alinyamaza vile kabla ya kusema sawa. Akasema angepaswa kumwambia mapema. Akasema wangeweza kukataa, wangeweza kuomba mita kumi na tano badala ya ishirini, yeye angemwendea Edmond hata kesho.

"Nyumba thelathini na nane, juu ya kuokoa mia sita," alisema Epiphanie. "Ningesema nini? Ngojeni, niko na mutoto pale? Kila mama pale aliacha mutoto fasi fulani."

Akashuka kwenye stuli. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaja akasimama nyuma ya bega lake, akitazama karatasi.

"Watajenga soko," alisema. "Si mubaya. Alikuwa anaogopa fasi yenye haina bantu. Lakini mu kitabu chako uliandika bote bale balikufa hapa. Umuandike na yeye."

Kwa miaka ishirini na tisa Barthélemy hakuwahi kuongeza jina bila cheti, bila mashahidi wawili, bila muhuri. Alifungua rejista ya kijani. Katika safu ya waliokufa, pembeni, mahali palipobaki wazi, aliandika kwa herufi ndogo zilizonyooka: Nicole, binti wa Epiphanie, miaka miwili. Aliishi Busaro siku kumi na moja. Kisha akarudi kwenye jedwali la kitabu. Waliokufa mwaka huo walikuwa hamsini na saba, jumla ameshaipigia mstari kwa wino. Alikata ile saba kwa mstari mmoja safi, akaandika nane, na kando akaweka sahihi yake, kama sheria inavyotaka karani anaposahihisha kosa lake.

Epiphanie aliomba aonyeshwe ni wapi. Aliweka kidole chini ya jina, akalisoma kwa kulitamka, silabi kwa silabi, mara mbili. Halafu akapanda tena kwenye stuli, kwa sababu wingu lilikuwa limefunga upande wa ng'ambo na kule juu walikuwa wanangoja mabati.